Mgeni Aliyekataa Kupishwa

Dunia haina shukrani kwa mabeki. Mshambuliaji akifunga goli moja la bahati, tena mpira umemgonga mgongoni mwenyewe hana habari, watoto wa mtaa mzima wanapewa jina lake. Beki atazuia maisha yake yote, ang'oke meno, avunjike mguu, na jina lake hapewi hata paka. Ndivyo tulivyo, tusibishane. Lakini Kibokoni, katika Mombasa ya kale, yuko beki mmoja aliyepewa haki yake, na wala hakuwa mtu wa huko. Alikuwa Mhispania, Eladio Cantarero, na watu wa Kibokoni walimwita Komeo.

Jina hilo lilizaliwa siku ya nusu fainali moja ya vilabu vya Ulaya. Eladio alipewa kazi ya kumkaba mshambuliaji aliyekuwa akiogopwa kila pembe, na alimkaba hata yule bwana akamwinulia kocha wake mkono, akaomba kutolewa. Akaomba mwenyewe, jamani! Mtu mmoja barazani Kibokoni, mbele ya televisheni, akapiga ukelele, "Huyo si beki, hilo ni komeo!" Jina likavuka bahari kwa simu siku hiyohiyo, likafika Bur Dubai, kwenye duka la vitambaa alikokuwa Mohdhar.

Wakati wa kisa hiki Mohdhar alikuwa ameshavuka arobaini. Alikuwa na mke, Mishi, na binti, Fairuz, na kitambi cha heshima. Mchana kutwa alikunjua majora ya vitambaa katika duka la ami yake, Msellem. Lakini ndani yake palikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa aliyekataa katakata kukaa chini.

Kijana huyo alikuwa winga, na Kibokoni nzima ilimjua. Timu kubwa ya mjini ilimwita kwenye majaribio siku ya Jumamosi. Jumatano ya kabla yake, ami yake akatua kutoka Dubai. Babake Mohdhar alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ami ndiye baba, na neno la baba halina rufaa. "Kazi ipo, viza ipo, ndege ni keshokutwa, twende," alisema. Mohdhar alipotia sandukuni daluga zake, vile viatu vyake vya mpira, ami alizitoa. "Mzigo umezidi," akasema. "Na duka halina goli." Daluga zikatundikwa msumarini nyuma ya mlango, zikabaki huko mpaka panya wakazimaliza.

Hakumchukia ami yake. Amchukie kwa lipi? Duka lilimlisha, likamwozesha, likamjengea mamake nyumba. Lakini swali halikufa: je, nilikuwa mchezaji wa kweli, au nilikuwa hodari wa mtaa tu? Kila Ijumaa alasiri alicheza na Wakenya wenzake kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya maghala. Aliwapiga chenga wapishi, madereva na makarani, kisha akarudi nyumbani na swali lake vilevile alivyolibeba. Kumpita karani hakukwambii kitu.

Basi Januari ya mwaka 2015, asubuhi, mlango wa duka ulifunguliwa akaingia mwanamke wa Kizungu aliyetaka kitambaa chekundu chenye madoa meupe, cha kumshonea binti yake gauni la sherehe za kwao. Nyuma yake aliingia mwanamume mrefu, nywele zimeingia mvi, akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Mohdhar alikuwa na mkasi mkononi. Akauweka mezani polepole, macho hayamtoki yule mgeni.

"Ami," alinong'ona, "huyu ni Komeo."

"Komeo gani?" Ami Msellem hakuwahi kutazama mechi hata moja maishani mwake. "Mpimie mama wa watu kitambaa."

Mohdhar akapima, akakosea, akapima tena. Wallahi, angepima vipi? Mtu yule alikuwa mwana wa mfinyanzi kutoka kijiji cha milimani. Alianza kama winga, akaambiwa hana mbio, akarudishwa nyuma mithili ya adhabu. Mguu ulimvunjika angali kijana, madaktari wakamwambia akatafute kazi nyingine, naye akarudi uwanjani akawa nahodha. Aliivaa jezi ya Hispania miaka na miaka. Na katika miaka yote hiyo hakuvuta jezi ya mtu, si kwa hila wala kwa hasira. Waandishi walipomuuliza sababu, aliwajibu, "Anayevuta jezi amekwisha kukiri kuwa amepitwa." Msimu wake wa mwisho aliuchezea hukuhuku Emirati. Goti likagoma, akatundika daluga, akafungua shule ya mpira ya watoto. Duncan, kipa wao wa Ijumaa, kijana wa Nakuru aliyekuwa mlinzi wa jengo moja kule Jumeirah Lakes Towers, alikuwa akiapa kila wiki kuwa humfungulia Komeo mlango asubuhi. Walimcheka. Walidhani anajitafutia ukubwa.

Ami Msellem hakujua mpira, lakini alijua watu. Aliona mwana wa nduguye alivyokosea vipimo, akaona namna mgeni alivyomngojea mkewe kwa subira, akaagiza kahawa na halua. Na kwa watu wa pwani, mtu akishakunywa kahawa yako si mteja tena, ni mgeni. "Ijumaa uje ule pilau kwetu," alimwambia kwa Kiingereza chake cha dukani. "Mohdhar na wenzake hucheza mpira, kisha tunakula."

Mgeni aliweka kikombe chini. "Mnacheza?" aliuliza. "Naweza kuja na viatu?"

Kuanzia hapo Mohdhar hakujua tena ladha ya chakula. Mishi alimkuta anaruka kamba sebuleni, akashika kiuno. "We baba Fairuz, una wazimu? Utawaangushia watu wa chini dari!"

"Mishi, nitajua," alisema, akihema. "Ijumaa nitajua."

Mishi hakuuliza atajua nini. Alikuwa ameishi na swali lile tangu walipooana. Alikwenda jikoni, akamletea maji.

Ijumaa ilifika, na Komeo akafika nayo, peke yake, mfuko wa viatu begani. Watu waliokuwa wamekaa wakainuka wote kwa pamoja. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akakaa mchangani kufunga kamba zake, na hata kufunga kamba kwenyewe watu walikutazama. Hapo ndipo Ami Msellem alipowaita wachezaji nyuma ya pikapu yake, pale palipokuwa na sufuria ya pilau.

"Sikizeni," alisema. "Huyu ni mgeni wangu, na goti lake bovu. Akianguka mbele ya watu akachekwa, aibu ni yangu. Mkimfikia, mpisheni. Mpeni mpira kiungwana, asijue. Mgeni hanyang'anywi kitu."

Duncan alikuna kichwa. "Lakini Ami, hiyo si mpira. Aki huyo msee atajua tu!"

"Kipa hana neno hapa," ami alimkata. Kisha akamgeukia mwana wa nduguye. "Na wewe hasa, Mohdhar."

Mohdhar alikuwa amengoja nusu ya umri wake ili asimame mbele ya mtu mmoja anayeweza kumpa jibu, na sasa anaambiwa asimwulize. Alimtazama ami yake, zile ndevu nyeupe, ule mkono ulioshika upawa. "Sawa, Ami," alijibu. Hakuwahi kumpa jibu jingine.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu, ingawa kwa macho ya Ami Msellem kilikuwa adabu tupu. Mohdhar alipata mpira, akamfuata Komeo, akautanguliza kidogo mbele zaidi ya inavyofaa, Komeo akauchukua. Watu wakapiga makofi. Akapata tena, akajikwaa makusudi. Makofi tena. Wa tatu aliupoteza kwa ustadi mkubwa hata Duncan, aliyekuwa langoni upande wa mgeni, akageuza uso. Kila makofi yalipolia, uso wa Komeo ulizidi kukaza. Mapumziko yalipofika, Ami Msellem aliwapungia mkono kwa furaha, akarudi nyuma ya pikapu kumsaidia Mishi kutandika mikeka.

Komeo alimjia Mohdhar na chupa ya maji mkononi. Walikuwa peke yao karibu na mstari.

"Miaka yote wamenipiga mateke," alisema kwa Kiingereza, taratibu. "Wamenitemea mate. Wamenitukania mama. Lakini hakuna aliyewahi kunipa mpira bure. Wewe ndiye wa kwanza."

Mohdhar alidhani anashukuriwa, akaanza kutabasamu.

"Ukinipa tena, naondoka. Pilau mle wenyewe."

Tabasamu likamfia mdomoni. "Ami yangu amesema wewe ni mgeni," alijitetea.

"Kwenu mgeni hupewa nini?"

"Kilicho bora."

"Basi nipe," Komeo alisema, akamwachia ile chupa, akarudi zake uwanjani akichechemea.

Mohdhar alibaki na chupa mkononi. Alitazama kwenye pikapu. Ami yake alikuwa ameinamia sufuria, mgongo wake huku. Akanywa maji, akajimwagia yaliyobaki kichwani, akaingia.

Mpira wa kwanza alimwendea Komeo kwa mbio zote alizobakiza. Komeo hakukimbia wala hakunyanyuka. Alisimama upande, mikono imelegea, kama mtu anayengoja kuvuka barabara. Upande wake wa kulia palikuwa wazi, peupe pe, njia ya kupita lori. Mohdhar akaingia njia hiyo na furaha yake yote, akakimbia, akainua mguu apige, na mpira haupo! Hakuguswa. Hakusikia hata unyoya. Aligeuka akaona Komeo ameshampa mwenzake mpira na sasa anajifuta mchanga kwenye goti.

"Subhanallah," Mohdhar alisema kwa sauti.

Mara ya pili alikuja na hazina yake yote. Kulia, kushoto, mguu juu ya mpira, bega huku, macho kule. Chenga zote zilizokuwa zikiwalaza makarani chini. Komeo hakutazama mpira hata mara moja. Alimtazama kiunoni tu. Alizingoja zile chenga ziishe kwa upole, kama mama anavyongoja mtoto amalize kulia, na zilipoisha akanyoosha mguu wake ule mbovu, akachukua mpira, basi.

Kuona kwenye televisheni si kuona. Mle kwenye televisheni Mohdhar alikuwa ameona nguvu na vumbi. Hakuwa ameona akili. Mtu yule mbio zilikwisha, goti lilikwisha, alibakiwa na akili yake tupu, na akili hiyo peke yake ilitosha kufunga kiwanja kizima. Kila njia uliyoiona, alikuwa amekuonyesha yeye. Pembeni watu walikuwa wameacha kushangilia. Walisimama tu, mmoja kashika kichwa, mwingine kaziba mdomo. Mohdhar mwenyewe alijikuta anacheka, machozi yanamlenga, maana hakujua kuwa binadamu anaweza kujua kitu kwa kiasi kile.

Akapata mpira mara ya tatu, na jua lilikuwa limeshashuka kwenye mapaa ya maghala. Alijua ndiyo ya mwisho. Akaanza kwenda mbio, kisha akaacha. Zile chenga zake zilikuwa za hapa, za Ijumaa, za kuwafurahisha watu. Komeo hakuwa na haja nazo. Akarudi nyuma zaidi, akarudi Kibokoni, kwenye vichochoro ambako ukuta uko huku na ukuta uko kule na huna nafasi hata ya kugeuka, ambako mtoto hujifunza kuulaza mpira mguuni, kusimama kimya, na kuondoka bila kutoa habari.

Akaulaza mpira. Akasimama.

Komeo naye alisimama. Wanaume wawili wazima, mvi kwa mvi, wakatazamana na hakuna aliyetikisika. Komeo alimtazama kiunoni, na kiuno hakikusema kitu. Alimfungulia njia ya kulia, Mohdhar akaiona asiitake. Komeo akasogeza unyayo, kidogo tu, akitaka kumwonyesha njia nyingine, na unyayo ule ulipokuwa hewani, Mohdhar akaondoka. Aliondoka kushoto kwa Komeo, upande ambao waliomwona Ulaya walikuwa wakisema hauna mlango. Alisikia pumzi ya yule bwana sikioni, kisha nyuma ya sikio. Mbele yake hapakuwa na mtu ila Duncan na goli.

Kola ikamkaba koo. Kitambaa kikalia, Mohdhar akaruka nyuma, akaanguka chali mchangani.

Kule kwenye pikapu masinia yalikuwa yakigongana, na Ami Msellem hakuona wala hakusikia kitu. Komeo alikuwa amesimama juu yake, ameutazama mkono wake mwenyewe, vidole bado vimekunja ngumi, kana kwamba si wake. Duncan alipiga magoti langoni, mikono kichwani.

"Wueh! Amevuta jezi! Jamani, Komeo amevuta jezi!"

Komeo alimpa Mohdhar mkono ule ule, akamwinua. "Ulichezea timu gani?" aliuliza.

"Sikuchezea timu yoyote. Mimi nauza vitambaa."

Uso wa Komeo ukakaza kama wakati wa makofi. "Nilikuomba kilicho bora, si uongo."

"Sikudanganyi," Mohdhar alisema. "Wallahi sikuchezea popote."

Komeo alimtazama machoni. Alipoona kuwa ni kweli, hakumsifu wala hakumpiga begani. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Hivyo ndivyo Mohdhar alivyopata jibu lake. Lilikuwa tamu na lilikuwa chungu, na hakujua aanze kumeza lipi.

Baada ya sala ya magharibi walikaa kwenye mikeka. Komeo alikula kwa mkono kama walivyokula wao, akaangusha wali kila mahali, na Mishi akamwongezea nyama bila kumuuliza. Watu walikuwa wakinong'onezana, lakini hakuna aliyethubutu kumweleza Ami Msellem kuwa mgeni wake hakupishwa. Ami alikuwa anazunguka na sinia, amefurahi, mpaka alipofika kwa Mohdhar.

"Jezi imefanya nini?"

"Imenasa, Ami. Kwenye waya wa goli."

Ami Msellem aliweka sinia chini. Akakishika kile kitambaa begani kwa vidole viwili, akakisugua, akakifuata kwa kidole gumba mpaka ubavuni.

"Nashika vitambaa tangu wewe hujazaliwa," alisema. "Kilichonasa huchanika mahali pamoja. Hiki kimetanuka mpaka huku chini. Kuna mtu amekivuta kwa nguvu zake zote. Nani?"

Mohdhar alimtazama mgeni, aliyekuwa akihangaika na mfupa. Akamtazama ami yake. Yale macho yalikuwa yamezeeka lini? Mzee yule alimtoa kwenye uyatima. Ya nini kumtwika jambo hili leo, kwenye pilau lake?

"Ni mchezo tu, Ami. Hakuna kitu."

"Mohdhar." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka. "Usinipishe. Mimi si mgeni wako."

Basi Mohdhar akamwambia. Alimwambia jinsi alivyonyang'anywa mara mbili, na jinsi alivyopita mara ya tatu, na mkono uliomrudisha. Alimwambia alichoulizwa na alichojibu, na kuwa mgeni alimdhani mwongo. Ami Msellem alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Duncan.

"Mtu huyu ana mazoea ya kuvuta jezi?"

"Hapana, Ami," Duncan alijibu taratibu, kwa adabu. "Hajawahi. Hata akichezea Hispania. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Pilau lilikuwa linapoa kwenye sinia, na mzee hakulishika.

"Jumamosi ile," alisema mwishowe, "majaribio yalikuwa saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri," Mohdhar alijibu, bila kufikiri.

Ami Msellem alitikisa kichwa kukubali. Aliinuka kwa kujikongoja, akaenda mpaka pale daluga za Mohdhar zilipokuwa zimevuliwa pembeni mwa mkeka. Mishi alitaka kumzuia, Mohdhar akamshika mkewe mkono. Mzee aliinama, akazikung'uta mchanga moja moja, akafunga kamba za moja na za pili pamoja, akazibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye pikapu.